Daftari la Mikono Miwili

Ninaandika vitabu ambavyo watu wazima wanaona haya kukutwa navyo. Ndani yake kuna msichana, kuna kijana mwenye macho ya kutia wazimu, kuna ngano ya zamani niliyoigeuza ndani nje kama shati, na havikosi joka, au jini, au ziwa linalosema. Wasichana wa sekondari hapa Sumbawanga wanavinunua kwenye duka la madaftari karibu na stendi, kisha wanavifunika kwa gazeti ili vifanane na vitabu vya Baiolojia. Padri mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama siwezi kuandika kuhusu kilimo. Nilimjibu kwamba kilimo nimemwachia mama yangu. Akacheka, nami nikacheka.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, alinijia mwanamke mmoja hapa mtaani Mazwi, kwenye chumba ninachopanga. Alikuwa ametembea kutoka stendi huku amemkumbatia kuku. Nilimtambua kabla hajaketi. Alikuwa mama wa rafiki yangu, yule niliyesoma naye bweni, aliyefariki tukiwa kidato cha nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Nilimpa chai. Alikunywa bila haraka, kisha akaniambia kilichomleta. Mvua za mwaka ule ziliushusha mto hadi mlangoni kwao, kule Muze, bonde la Rukwa. Ukuta mmoja ulianguka, na chini ya ukuta ndipo lilipokuwa sanduku la binti yake. Sare alikwisha kuwagawia wadogo zake zamani. Yalikuwa yamebaki madaftari na picha moja ya shule, navyo vikawa tope.

"Nyie wawili mlikuwa mnaandika kwenye daftari moja," alisema. "Alinieleza. Nimekuja kuuliza kama lipo. Kusoma sijui, unajua. Lakini nataka kitu alichokiandika yeye, nikishike."

"Lipo," nilimjibu. "Lipo kwa mama yangu, kwenye sanduku. Nitakuletea mwenyewe."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Ukweli ni kwamba daftari lile sikuwa nimeliona kwa miaka kumi na mitatu. Yule mama aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia kidogo, kisha akanikabidhi kuku.

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa wafugaji. Watu wao walihamia bondeni na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kabla yeye hajazaliwa. Sisi ni Wafipa wa juu huku, watu wa mahindi na ulezi, tunaobatizwa kabla hatujaota jino. Tulikutana kidato cha kwanza, kwenye shule ya bweni ya wasichana njia ya kwenda Chala. Siku ya kwanza wenzangu walimcheka kwamba ananuka samli. Alitutazama mmoja mmoja akasema, "Na nyie mnanuka maharage, ila mko wengi ndiyo maana hamjui." Nikampenda hapo hapo.

Alipofika kidato cha tatu aliamua kubatizwa. Akanunua kaunta kubwa, lile daftari gumu lililoshonwa kwa uzi katikati, akaanza kuandika mafundisho: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Amri Kumi, kila kichwa amekipigia mstari mwekundu. Mafundisho yalichukua kurasa kama thelathini. Zilizobaki zilikuwa nyingi mno, nasi tulikuwa na hadithi isiyo na mahali pa kukaa.

Wazo la kuiweka humo lilikuwa langu, nalikiri. Matroni wetu alikuwa anapekua vitanda kutafuta barua za wavulana. Akifungua kaunta ile anakutana na Nasadiki, anaifunga kwa heshima, anaendelea na kitanda kingine. Baada ya Amri ya Kumi tuliacha ukurasa mmoja mweupe, kisha ndipo ilipoanza hadithi yetu.

Bibi yangu alikuwa na ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akamkubali mgeni mzuri asiyejulikana atokako. Mgeni akampeleka ziwani. Kumbe ni chatu. Anammeza, hadithi inaisha. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," bibi anasema, nasi tunatawanyika kwenda kulala tukiwa tumenywea. Rafiki yangu naye alikuja na ya kwao, ndugu moja na yetu, ila kwao mchumba ni zimwi na msichana anaokolewa na mdogo wake aliyejaa upele, ambaye alikatazwa kumfuata. Tulizilinganisha ngano hizi mbili tukakasirika kwa pamoja. Iweje msichana aliyewakataa wanaume kumi na wawili awe mjinga ghafla kwa wa kumi na tatu?

Kwa hiyo kwetu msichana alijua tangu sura ya pili. Chatu alikuwa kijana aliyelaaniwa kwa kukataa kuzuia mvua. Mchana anavaa ngozi, jioni anaivua na kuitundika kwenye matete ya Ziwa Rukwa, na msichana anamshonea ile ngozi pale inapochanika. Tulidhani kwamba hakuna binadamu aliyewahi kutunga kitu kitamu kama hicho. Jumamosi pale bombani wenzetu walifua huku mmoja anasoma kwa sauti, na akifika kwenye ngozi inayovuliwa sabuni zote zinasimama.

Tuliandika kwa zamu, sura yangu, sura yake. Tulikuwa na sheria moja: humsomi mwenzako mbele ya macho yake. Unachukua daftari, unakwenda nalo mbali, unarudi na jibu. Na nilikuwa na lalamiko moja. Alikandamiza kalamu mno. Ukigeuza ukurasa wake, maneno yamevimba upande wa pili, huwezi kuandika hapo bila kalamu kurukaruka. Ikabidi tuwe tunatumia upande mmoja tu.

"Wewe huandiki," nilimwambia, "unalima."

"Nalima ndiyo. Wewe unapapasa tu juu juu, mvua moja inafuta."

Tuligombana juu ya mwisho wiki tatu nzima. Mimi nilitaka msichana abaki chini ya ziwa na mpenzi wake milele. Niliona huo ndio upendo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa nimempenda mtu yeyote. Yeye alikataa katakata. Alitaka arudi nyumbani.

"Mama yake je?" aliniuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za bweni tunachambua maharage ya chakula cha jioni. "Kwenu anamezwa, kwetu anaokolewa, na wewe unataka abaki ziwani. Katika habari zote hizi hakuna aliyekwenda kumwuliza mama yake anajisikiaje."

Nilimwambia aandike yeye sura ya mwisho, halafu nitaona kama nitaikubali. Akaiandika siku nne, amejifungia kwenye stoo ya majembe. Siku tulipofunga kwa likizo fupi ya Pasaka alinikabidhi daftari pale getini, gari lao la kwenda bondeni likiwa linapiga honi. "Usisome njiani," alisema. "Soma umetulia." Nami nikatii. Kati ya mambo yote niliyowahi kuambiwa nikatii, hili ndilo linaloniuma.

Nyumbani hapakuwa na kutulia. Ilikuwa Alhamisi Kuu, kuna kuchota maji, kuna kufua, kuna kanisani. Ijumaa nilikwenda Njia ya Msalaba na wenzangu. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu uliokuwa unamwuma, akaamua kufungua tranka langu anifulie sare.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kigoda na daftari limelala mapajani, limefungwa.

"Hili ni lako?"

"La rafiki yangu."

"Yule anayejifunza ubatizo?"

"Ndiyo, mama."

Alinyamaza. Mama yangu akigomba huogopi, ogopa akinyamaza. "Baada ya Nasadiki," alisema hatimaye, taratibu. "Mwanangu, baada ya Nasadiki mnaandika haya?" Hakunipiga wala hakuongeza neno. Jumamosi asubuhi alichukua jembe akaenda shambani peke yake, na mguu wake ule ule, kumalizia ntumba. Ntumba ni vile vichuguu vya duara tunavyotengeneza huku mvua zikielekea mwisho: unafyeka majani, unayalundika, unayafunika kwa udongo yaoze. Nilitaka kumfuata, akanikataza. Aliporudi nilijikaza nikauliza daftari liko wapi.

"Limehifadhiwa."

Chumbani kwake kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, lililotunza hati ya kiwanja, vitenge vipya na cheti chake cha ndoa. Nikajua limo humo. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga.

Tulipofungua shule, rafiki yangu alinisubiri getini. Hata salamu hakunipa. "Umeionaje?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Ulikuwa mfupi: mama amelichukua, sijasoma. Lakini uso wake ulikuwa umeng'aa, na mimi nilikuwa mwoga, tena niliona aibu kwamba kwetu mtoto wa kidato cha tatu bado anapekuliwa tranka.

"Nzuri sana," nikasema.

"Na mwisho umeukubali?"

"Nimeukubali."

Alinikumbatia mpaka begi langu likadondoka. Nilimwambia daftari nimeliacha nyumbani mahali salama, kwamba tutaliendeleza baada ya mtihani wa mwisho, tutafute mtu wa kulichapa. Alikubali. Kwa mwaka mzima alinichokoza kwa hilo: "Si nilikwambia lazima arudi?" Nami nikawa naitikia, ndiyo, ulisema. Kila nilipoitikia, uongo ulizidi kuota mizizi, na kuung'oa kukawa kazi kubwa kuliko kuubeba.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, tukiwa likizo, baridi ya Sumbawanga ikiwa kali ile ya kupasua midomo, aliletwa mjini hospitali. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utotoni bila mtu kujua. Alikuwa anachoka tu, nasi tulimwita mvivu. Miguu ilikuwa imevimba. Mama yake alilala chini ya kitanda chake, na kwa kuwa nyumbani kwetu Mazwi ndiko kulikokuwa karibu, mama yangu akachukua jukumu la chakula. Alikuwa anapika uji wa ulezi, anautia kwenye chupa ya chai, ananikabidhi nipeleke ukiwa wa moto.

Ulikuwa ulezi mpya, wa mavuno ya mwezi ule ule. Siku hizo mgonjwa alikuwa anatema kila kitu: wali, mtori, hata chai. Uji ule aliunywa. Siku ya kwanza alimaliza kikombe, akafuta mdomo, akaomba kingine. Mama yake alinishika bega kwa nguvu, nikaona anacheka huku machozi yanamtoka. Nilirudi nyumbani nakimbia kumwambia mama. Akakoroga mwingine mzito zaidi.

Siku kama ya sita aliniomba daftari.

"Niletee ile ya mwisho," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimsomee mama."

Mama yake alikuwa ameketi pale, anamkanda miguu. Alitabasamu, hajui ni kitu gani.

"Kesho," nikajibu.

Nilifika nyumbani, nikamkuta mama anapepeta. Pindo la kanga lenye ufunguo lilikuwa pale, hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Nilijua nikiuliza tutarudi kwenye Ijumaa Kuu ile, atanitazama kwa yale macho, ataniuliza kama nimeungama. Nikaona nisubiri siku akiwa na moyo mweupe. Siku iliyofuata nilimwambia rafiki yangu kesho. Iliyofuata tena, kesho. Siku ya nne hakuuliza. Alikuwa anapumua kwa kinywa, na mama yake alikuwa anamwita kwa jina la utotoni.

Tulimzika Muze. Mama yangu alikuja. Mimi sikuweza kumtazama yule mama mwingine usoni. Niliposhika mkono wake kumpa pole nilitazama vidole. Baada ya hapo nilianza kuandika, na nimeandika vitabu saba. Kila kimoja kina msichana anayekwenda kwenye nchi ya ajabu kwa ajili ya mapenzi, na kila kimoja nakwama kwenye sura ya mwisho, kwa sababu kuna mtu mmoja tu aliyejua namna ya kumrudisha nyumbani, naye sikumsoma.

Sasa mama yake alikuwa amekuja, amekunywa chai, na mimi nimemwahidi.

Nilikwenda kwa mama yangu jioni ile ile, na kuku mkononi. Alikuwa jikoni. Nikamweleza nani alikuja na anataka nini, kisha nikasema maneno ambayo yalinishinda kwa miaka kumi na mitatu. Yalikuwa manne tu.

"Mama, daftari liko wapi?"

Hakuuliza daftari lipi. Alipangusa mikono.

"Nilikwambia limehifadhiwa."

"Kwenye sanduku?"

"Shambani." Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba sikujua. "Maneno matakatifu hayachomwi na takataka, wala hayafungiwi vitumbua. Hata rozari ikikatika tunaizika mahali pasipokanyagwa na watu. Nilitaka nizitoe zile kurasa za mbele nizitunze, nyingine nitupe. Nikashindwa. Lilikuwa limeshonwa: ukivuta karatasi ya Nasadiki, inatoka na ya nyuma. Basi nikalizika lote. Nililiweka chini kabisa ya ntumba, majani juu yake, udongo juu ya majani. Nilisali, usifikiri nililitupa."

"Ulisoma ile ya mwisho?"

"Nilianza. Nikaona neno busu, nikafunga. Ilikuwa Ijumaa Kuu."

Niliketi kwenye kigoda. Ntumba haikai. Msimu unaofuata unaibomoa, unautawanya ule udongo mweusi shamba zima, unapanda ulezi juu yake. Kila mtoto wa Ufipa anajua hivyo, sikuhitaji kuambiwa. Hata hivyo niliuliza.

"Nilipozitawanya sikukuta hata uzi," mama alisema. "Ulezi ulitoka mzuri sana mwaka ule." Kisha nikaona uso wake unabadilika, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuliunganisha jambo lile. "Ndio ule wa uji," akasema polepole. "Sikuwa na mwingine."

Nilimkasirikia kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia juu ya mtu. Nilimwacha na kuku wake nikaondoka bila kuaga. Nilitembea hadi mwisho wa Mazwi, bodaboda wananiita dada twende, dada panda, nisijibu. Hasira ile haikufika mbali. Mama alifanya alichofundishwa, tena kwa heshima. Kama ningemwuliza hata wiki moja baada ya Pasaka, ningechimba kwa mikono nikalitoa likiwa na unyevu tu. Mimi ndiye niliyejifanya nimesoma, na mimi ndiye niliyesema kesho.

Ningekuwa mtu mwema ningekwenda Muze siku ya pili nikasema ukweli. Badala yake nilinunua kaunta mpya.

Nilijipa sababu nzuri. Yule mama hajui kusoma. Anachotaka ni faraja. Mimi ni mtunzi, faraja ndiyo biashara yangu. Mwandiko wa rafiki yangu niliukumbuka, ulivyolalia kushoto, na ile "g" yake yenye mkia mrefu. Nikaandika Nasadiki, nikapiga mstari mwekundu. Nikaandika sura zake zote nilivyozikumbuka, na nilizikumbuka vizuri kuliko nilivyotarajia. Zipo sentensi zilizokuja nzima nzima nikalia juu yake. Sura ya mwisho niliitunga mwenyewe. Nilimrudisha msichana nyumbani, akamkuta mama yake anasaga. Nikalianika daftari juani siku tano, nikalisugua kona kwa majivu. Lilipendeza. Nilikaribia kuamini kuwa ni lenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya kuteremka mlima mzima, kona baada ya kona, masikio yanaziba, baridi ya juu inabaki nyuma na joto la bonde linakupokea kama mdomo wa tanuri. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yenye ukuta mmoja mpya, anapepeta mpunga. Aliponiona na bahasha aliweka ungo chini. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Akaikausha kwa kanga, kidole kimoja kimoja, ndipo akanyoosha mikono kupokea.

Alifungua ukurasa wa kwanza. Hakuutazama. Aliugeuza, akapitisha kiganja upande wa nyuma, ule mweupe. Akapitisha tena. Akafungua wa pili, akafanya vile vile, kisha wa katikati, kisha wa mwisho.

"Hakuandika yeye," alisema.

"Mama..."

"Mwanangu akiandika, upande wa pili unavimba. Likizo alikuwa anaandika hapa nje, akiingia ndani mimi napitisha vidole nyuma ya karatasi. Sijui kusoma, gete, kweli kabisa. Lakini nilijua leo kaandika na hasira, leo kaandika na furaha." Alilifunga daftari, akaniwekea mapajani bila ukali. "Hili ni laini. Hili ni lako."

Nilimwambia yote. Sikupanga wala sikupamba, na kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta neno zuri. Nilimweleza Nasadiki ya mbele na hadithi ya nyuma, Ijumaa Kuu, ntumba. Nilimweleza kwamba udongo ule ulitawanywa ukaotesha ulezi, na ulezi ule ndio tuliomletea hospitali kwenye chupa ya chai. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Nakumbuka uji ule," alisema. "Alimaliza."

"Alimaliza, akaomba mwingine."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama anayehesabu vikombe. Kuku walikuwa wameingia kwenye ungo wa mpunga na hakuna aliyewafukuza.

"Ile aliyotaka kunisomea. Ilisemaje?"

"Sijui. Hakuna aliyeisoma, mama. Hata mimi. Nilimdanganya kwamba nimesoma."

Hapo ndipo nilipotegemea anifukuze, na ningeshukuru. Alinitazama usoni, nami safari hii sikutazama vidole.

"Ulimwambia nzuri?"

"Nilimwambia nzuri sana."

"Alifurahi?"

"Alifurahi mpaka akaniangushia begi."

"Haya," alisema. Akainuka, akawafukuza kuku, akachukua ungo, akaanza tena kupepeta. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka. Alipepeta hadi ungo ukawa safi. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akaniuliza kama mama yangu bado analima lile shamba.

"Analima."

"Ulezi?"

"Kila mwaka."

"Mbegu ananunua?"

"Ya ulezi hajawahi kununua. Anatenga ya mavuno, anapanda, anatenga tena."

"Basi ndio huo huo," alisema. "Niletee kidogo."

Nilirudi Sumbawanga nikamwambia mama. Hatukuwa tumeongea tangu siku ya kuku. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kwenye kihenge, akachota ulezi akaumwaga kwenye ungo, akaanza kuchambua mchanga na makapi, punje kwa punje, ingawa macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nilitaka kumsaidia akanikataza, kama siku ile ya ntumba. Alipomaliza aliutia kwenye mfuko wa nguo, akaushona mdomo.

"Nitaupeleka mwenyewe," alisema. "Wewe unisindikize."

Mama hakuwa ameteremka bondeni tangu mazishi. Njiani alishika mfuko mapajani, na kila kona aliukumbatia. Tulipofika, wale kina mama wawili walisalimiana kwa muda mrefu: mvua, miguu, watoto, mavuno. Kisha mama yangu akafungua mshono kwa meno, akausogeza mfuko mbele ya mwenzake.

Yule mama alinawa mikono kwa sabuni. Akaikausha. Akauingiza mkono mmoja ndani ya ulezi, polepole, hadi karibu na kiwiko, akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinatembea humo ndani. Niliviona kwa jinsi nguo ya mfuko ilivyokuwa inainuka na kushuka.

"Mwenzangu," mama yangu alianza, "nisamehe, mimi sikujua kwamba..."

"Subiri kwanza," alisema yule mama, bila kufungua macho.

Tukasubiri.